Ati digrii ya Ulaya yakubalika dunia nzima: dhana potofu ninazoletewa ofisini

Juzi kaja mzee mmoja wa Kisauni, kapanda ngazi zote zile na joto hili, hajakaa vizuri ashatoa simu ati nisikize voisi ya ejenti: "Mzee wangu usiwe na shaka, chuo hiki kiko Bologna, digrii yake yakubalika dunia nzima." Nikamuuliza ushalipa? Akasema diposti tu. Diposti tu! Na yeye ni wa nne mwezi huu kuniletea maneno hayo hayo, nimechoka bwana, wacha niandike nikirudi kuulizwa nimtumie mtu asome.

Hiyo Bologna anayoisema ejenti si chuo wala si bodi ya vyeti. Ni makubaliano. Mwaka 1999 mawaziri wa elimu wa nchi 29 za Ulaya walikutana mji huo wa Italia wakasema mifumo yao ifanane, digrii ya kwanza halafu masta, baadaye na PhD ikaingia, na kazi ya mwanafunzi ihesabiwe kwa krediti za aina moja, mwaka mzima ni krediti 60. Leo wako nchi 49. Na msidhani ilikuwa ni mapenzi tu, tamko lenyewe lataja ushindani, yaani walitaka elimu ya Ulaya iuzike kwa wageni nao wawavute wanafunzi.

Sasa sikiza hapa. Kufanana si kutambuliwa. Hata wao kwa wao cheti bado huenda kikakaguliwa, nchi chache tu ndizo zilizoandikiana kutambuana moja kwa moja. Kenya haimo kabisa kwenye hizo 49, kwa hiyo ukirudi na cheti chako kuna KNQA, mamlaka ya sifa za elimu, na CUE, tume ya elimu ya vyuo vikuu, na kama kazi yako ni ya leseni kuna bodi yake pia. Daktari aliyesoma nje afanya mtihani wa KMPDC, baraza la madaktari, kabla ya intanshipu, na hakuna voisi ya ejenti itakayomvusha hapo.

Na chuo cha mzee wangu kilikuwa wapi? Kaskazini mwa Cyprus. Upande ule nchi inayoutambua kama dola ni Uturuki peke yake, waliomba kuingia hiyo Bologna wakakataliwa, na vyuo vyake vyapitia baraza la elimu ya juu la Uturuki, YÖK. Sisemi ni vibaya, kuna watoto wa hapa wamesoma kule na wako sawa, lakini muuzaji auze kitu kwa jina lake, asiniuzie papa akaniambia nguru.

Kuna dada mwingine alikuja na transkripti ya England, miaka mitatu, akilia machozi kabisa kwa sababu mtu wa HR alimwambia digrii yake imepungua mwaka. Haikupungua! Waingereza waingia chuo na A-level, ile miaka miwili ya sekondari ya juu. Sisi tuliiacha A-level tulipoingia 8-4-4 mwaka 1985, mwaka mmoja wa ule muda ukahamia chuoni, ndio sababu digrii yetu ya kawaida ni miaka minne. Kinachotakiwa ni karatasi za kuonyesha alisoma nini, na yeye alikuwa na ile transkripti moja tu imekunjwa mara nne. Ntasema mpaka nife: kabla hujaondoka chuoni chukua maelezo ya kila somo ulilosoma, ukurasa kwa ukurasa, yagongwe muhuri. Ukisharudi Mombasa utaandika imeili mpaka uchoke.

Wengine huniambia tuko EAC, hii jumuiya yetu ya Afrika Mashariki, digrii ya Uganda ni moja kwa moja. Ni kweli marais walitangaza eneo la pamoja la elimu ya juu Mei 2017, lakini tangazo halimfungi mikono mwajiri wala bodi. Uliza kwanza.

Halafu hii ya kwamba paraleli, yaani kusoma chuo cha serikali kwa kujilipia mwenyewe, ni ya waliofeli wenye pesa na ndiyo iliyoharibu vyuo. Chuo Kikuu cha Nairobi waliianza 1998 kwa sababu pesa za serikali zilikuwa hazitoshi, na ikajenga majengo na kulipa malekchara. Kilichoiua ni hesabu: KCSE, mtihani wa kidato cha nne, ya 2015 waliopata C+ na zaidi, yaani alama ya kuingia chuo kikuu, walikuwa 169,492, mtihani ukakazwa, 2016 wakawa 88,929, karibu wote wakaenea kwenye nafasi za serikali, zikiwemo zile za vyuo binafsi. Nani tena ajilipie? Vyuo vikabaki na madeni.

Chuo cha serikali ni bure? Tangu mfumo mpya wa 2023 kuna fungu la skolaship, fungu la mkopo na fungu la nyumbani, na mkopo wa HELB ni deni, si zawadi.

Na rankingi jamani, zile orodha za kupanga vyuo kwa ubora. Ile ya Shanghai, iliyoanza 2003, yahesabu mpaka washindi wa Nobel. Mwanao ataka unesi, Nobel ya nini?

Ukiwa na barua ya chuo njoo nayo kabla hujapita benki, si baada, na uje asubuhi, mchana feni yangu haiwezi kitu.