Eti bomba la hewa chooni halina kazi

Watu wengi wanaongeza chumba siku hizi, gereji inageuzwa inakuwa chumba masta, na mimi nilifanya hivyo hapa Chumbageni, Tanga, ili mama asiwe anatoka nje usiku kwenda chooni. Maneno ya mafundi na majirani niliyaamini mengi, yakanitia hasara.

Kubwa kuliko yote, eti lile bomba linalopanda juu ya paa ni la kutoa harufu tu, kama kuna dirisha au feni halina haja. Sio kweli jamani. Gesi ya shimo la choo linatoa, ila pia linaingiza hewa. Chini ya sinki pale bomba lilipopinda, na kwenye tundu la sakafuni, kuna maji yanakaa muda wote, kina kama sentimita 5 hivi, hayo ndo mlango unaozuia harufu isipande. Ukiflashi choo maji yanashuka kwa nguvu yanavuta hewa nyuma yake, sasa hewa isipopata njia ya juu inapita humo humo kwenye sinki na kuyaburuta yale maji, mlango unabaki wazi. Kwa mama hatukuliweka, basi kila tukiflashi sinki linalia gulu gulu gulu, wiki haijaisha ananiambia "mwanangu, humu mna yai viza". Tukamwaga dawa, tukasugua vigae mpaka vidole vikachubuka, wapi. Siku moja nikamulika lile tundu la sakafuni kwa tochi ya simu, kukavu kabisa, naona utelezi mweusi wa bomba tu. Na feni ndo inazidisha, inanyonya hewa ya ndani, gesi inapanda kuziba pengo.

Eti bomba liishie darini, nani ataona. Hapana, litoke juu ya paa mbali na madirisha, maana gesi ya shimo ina methani inayowaka, na ile yenye harufu ya yai viza ikijaa mahali palipofungwa inaua mtu. Mdomoni funga wavu, mbu wanazaliana sana kwenye mashimo ya choo. Bomba la plastiki (PVC) linachakaa na jua, lipake rangi.

Eti harufu maana yake shimo limejaa. Inawezekana, lakini kabla hujaita gari la maji taka mwaga maji kwenye tundu la sakafuni kwanza usubiri. Kwa joto letu hili bafu lisilotumika linakauka lenyewe.

Halafu ile ya "maji yatajua njia". Sakafu ya gereji mara nyingi iko chini kuliko ya nyumba, na bomba la inchi 4 linataka kushuka kama sentimita 2 na nusu kila mita, mita 8 mpaka kwenye chemba, kile kishimo chenye mfuniko mabomba yanapokutana, ni sentimita 20 hizo. Pima kina cha chemba kabla hujakata zege, isipotosha inua sakafu ya bafu. Na kabla ya kufukia, zibeni mwisho wa bomba mlijaze maji muone kama yanapungua, fundi akiharakisha mwambie fundi wangu, tuonane kesho.

Kwa mama tulivunja vigae vinne nyuma ya sinki, tukaunga tii, kile kiungo cha njia tatu, na bomba la inchi 2 likapanda kwa nje mpaka juu ya paa. Sinki liliacha kulia siku hiyo hiyo.