Chuo cha Marekani hakipewi kibali na Washington

Wengi wetu tumeaminishwa kwamba chuo kikuu cha Marekani husajiliwa na serikali kuu, kisha kiko huru kufundisha nchi nzima. Sivyo. Wizara ya Elimu ya Washington haisajili vyuo wala haitoi ithibati, yaani uthibitisho wa ubora wa chuo. Hutambua mashirika yanayotoa ithibati, na kusimamia mikopo ya wanafunzi. Kibali cha kuendesha chuo hutoka jimboni.

Chuo cha Ohio kinapomfundisha kwa intaneti mtu aliyeko Texas, kimevuka mpaka. Ili kisiombe kibali jimbo kwa jimbo, kuna makubaliano yaitwayo SARA: jimbo lake likikiidhinisha, majimbo mengine wanachama yanakipokea. Majimbo 49 yamo. California haimo.

Hapa ndipo watu huumia, na ndugu zetu walioko kule wasome taratibu: SARA haigusi leseni ya taaluma. Binti anaweza kumaliza kozi halali kabisa ya uuguzi, kisha bodi ya jimbo lake ikamnyima leseni kwa kuwa kozi haikidhi masharti yake. Kabla ya kulipa ada, iandikie bodi ya jimbo unakoishi, taja chuo na kozi, uombe jibu la maandishi.