Daftari la Vilivyokosekana: Kumsikiliza Mteja wa Duka na Mkahawa wa Mtaani

Wenye maduka ya mtaani wanaokuja kwetu kutafuta ushauri wa biashara huja na lalamiko linalofanana. "Nimeongeza meza mbili na chupa za chai, nimewauliza wateja wanataka nini, nimenunua walichotaja, na mali bado imelala." Mara nyingi shida iko kwenye swali lenyewe. Mkazi wa Umoja au Zimmerman, mitaa ya Nairobi, akiulizwa na mwenye duka ana kwa ana kama angependa kahawa ya mashine, atasema ndiyo, kwa sababu ni adabu na haimgharimu kitu. Lakini saa kumi na mbili asubuhi, matatu ikijaza stejini, anachotolea pesa ni chai ya maziwa na mandazi mawili. Kahawa ya Kenya inasifiwa duniani na sehemu kubwa huuzwa nje. Huku mtaani chai ndiyo mwenyeji. Anayetaka kuijaribu kahawa aanze na chupa moja kwa wiki mbili, kabla ya kuchukulia mashine mkopo.

Maoni yenye thamani zaidi hutolewa bila kuulizwa, kisha hupotea. "Mala, yale maziwa ya mtindi, iko?" Hakuna. "Nepi moja?" Hakuna. Mteja ameshavuka barabara. Weka daftari karibu na droo ya pesa, na kila kilichoulizwa kikakosekana kiandikwe hapo hapo, pamoja na saa na kiasi alichotaka.

Kiasi ndicho wengi husahau kuandika, na Nairobi hununua kwa kiasi. Huu ni mji wa kadogo: mafuta ya kupima, sukari ya robo, nepi moja moja. Anayeambiwa "unga upo" akaondoka mikono mitupu huenda alitaka wa kilo moja, na rafu imejaa pakiti za kilo mbili. Ukiandika "unga" tu, utaongeza pakiti zile zile. Saa nayo ina lake la kusema. Nepi zikiulizwa saa tatu usiku, maduka mengine yakiwa yamefunga, mteja hatafuti bei ya chini, anatafuta aliyefungua. Weka pia alama kama aliyeuliza ni yule yule wa jana. Watu watano wakiuliza kitu kimoja ndani ya wiki ni soko. Mtu mmoja akiuliza mara tano ni mtu mmoja mwenye subira.

Upande wa mkahawa, tazama vikombe kabla ya kuuliza lolote. Kikombe kinachorudi na chai nusu ni lalamiko ambalo mnywaji hakutaka kukusumbua nalo. Chai iliyopikwa saa kumi na moja alfajiri na kukaa kwenye chupa hadi saa tatu haiwi tena ile chai, hata ikiwa bado ina joto. Kagua pia vilivyopangwa karibu. Duka lililozaa mkahawa mara nyingi huweka sabuni ya unga juu na mkate chini, na mafuta ya taa hatua mbili kutoka kwa mandazi. Harufu hiyo mwenye duka ameizoea, haisikii tena. Mgeni huisikia kwenye tonge la kwanza.

Halafu kuna foleni. Asubuhi, anayetaka pakiti ya maziwa kwa ajili ya uji wa mtoto husimama nyuma ya anayengoja yai likaangwe, na anayewahudumia wote wawili ni mtu mmoja. Taarifa ya malipo ya till yako ya M-Pesa itakuonyesha saa zenye msongamano, ingawa wanaolipa kwa noti na sarafu hawamo. Ukiweza, kwa saa hizo, dirisha la duka liwe na mtu wake.

Kuhusu watu wa kuwauliza, nina shaka na wateja wenye deni. Aliyeandikwa kwenye daftari la mkopo hakwambii kwamba mkate wako ni wa jana. Atausifu, au siku moja atabadilisha njia ya kurudi nyumbani. Ukitaka ukweli, zungumza na wanaopita bila kuingia: askari wa geti, keteka (mtunza nyumba) wa ploti, vijana wa bodaboda. Hao huona mifuko inayoingia jioni na wanajua imetoka wapi. Uliza kitu mahususi kilichokwisha kutendeka: "Mara ya mwisho ulinunua wapi mkate, na kwa nini huko?"

Wengine hugeukia simu, na hapo kuna sheria. Nambari iliyokuja na malipo si ruhusa ya kumtumia mtu matangazo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inahusu biashara ndogo pia. Omba ridhaa kwanza, na akitaka umtoe kwenye orodha, mtoe. Kundi la WhatsApp la ploti lina manufaa, ila wasemaji wake ni wachache na mara nyingi si wao wanaonunua.

Mteja akirudisha maziwa yaliyoganda, usianze kubishana kuhusu friji yake. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya kinampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaofaa, kwa hiyo kumbadilishia si fadhila. Mbadilishie, kisha kagua pakiti zilizobaki za shehena ile ile na uulize stima ilipotea saa ngapi usiku.

Mwisho wa wiki, pitia daftari na uchague kitu kimoja au viwili tu. Nunua kidogo, uwaambie walioviuliza kwamba vimefika, uvipe wiki mbili. Kisipotoka, kiondoe, na umweleze aliyekiomba kwamba hakikutembea. Akikihitaji sana ataagiza na kulipa kabla, nawe utamletea siku unayokwenda sokoni.