Hizo "dakika ishirini" zinahesabiwa kuanzia wapi?

Nimelisikia tena, safari hii kutoka kwa mtu mwenye uwezo wa kuamua: "Idara ya dharura ikifungwa, hospitali nyingine iko dakika ishirini tu. Wananchi wanapinga kwa hisia." Mimi ni daktari wa dharura, na hizo dakika ishirini zimenichosha.

Ramani huhesabu gari ambalo tayari liko njiani na mgonjwa ndani. Saa ya mgonjwa wa kiharusi huanza mdomo unapopinda. Lazima mtu aone, apige simu, ambulensi ifike, mgonjwa ashushwe ngazi. Ndipo barabara ianze. Akifika kuna triaji, yaani kupangwa nani ahudumiwe kwanza, na picha ya kichwa. Dawa ya kuyeyusha bonge la damu kwenye ubongo hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, na kila dakika ya kusubiri huua chembe za ubongo karibu milioni 1.9. Moyo uliosimama siuzungumzii hata. Huo hauwezi kungoja hospitali yoyote, ya karibu wala ya mbali.

Kinachoniudhi zaidi ni hesabu ya ambulensi. Safari ikirefuka, gari linachelewa kurudi, na anayeumia ni mgonjwa wa pili, yule ambaye hajapiga simu bado. Huyo hayumo kwenye ramani yoyote niliyowahi kuonyeshwa. Kisha hospitali inayopokea inajaa: wodi hazina vitanda, wagonjwa wanalala kwenye machela koridoni, na ambulensi zinakwama mlangoni kwa kukosa mahali pa kuwashusha.

Hata hivyo, kukusanya huduma pamoja si uovu. London ilipopeleka wagonjwa wa kiharusi kwenye vituo 8 maalumu mwaka 2010, vifo vilipungua. Lakini vituo vile viliandaliwa na kupewa wataalamu. Kufunga mlango peke yake hakuleti hayo.

Utafiti wenyewe haukubaliani, na hili linanisumbua kweli. California, kati ya 1999 na 2010, wagonjwa waliolazwa katika hospitali zilizo jirani na idara zilizofungwa walikuwa na uwezekano wa kufa uliozidi kwa asilimia 5. Uingereza, miji mitano iliyopoteza idara zake kati ya 2009 na 2011 haikuonyesha ushahidi thabiti kwamba vifo viliongezeka. Nadhani tofauti iko katika kilichoandaliwa kabla, ila siwezi kuithibitisha.

Kuhusu hisia: watu wa Lewisham, London, walikwenda mahakamani mwaka 2013 kupinga huduma za dharura za hospitali yao kupunguzwa, na wakashinda. Mahakama ilisema waziri wa afya alivuka mamlaka yake.

Kwa hiyo mkiitwa kikaoni, ulizeni ambulensi ngapi zinaongezwa, na kama zitakuwa barabarani kabla ya kufuli kufungwa. Ulizeni vitanda vya wodi kule kunakopokea, na muda wa safari usiku, kuanzia simu inapopigwa. Takwimu zikikosekana, kataeni kupiga kura siku hiyo.