Je, wajua kwa nini vyama vya siasa vya mrengo wa kati-kushoto, kama Labour cha Uingereza, vinahangaika kupata falsafa ya uchumi?

Mwaka 1951 wachumi wawili wa Uswidi, Gösta Rehn na Rudolf Meidner, walipeleka hoja nzito kwenye mkutano mkuu wa LO, shirikisho la vyama vya wafanyakazi: kampuni isiyomudu mshahara unaostahili isiokolewe. Kazi ya aina moja ilipwe sawa, iwe kwenye kiwanda chenye faida au kinachosuasua. Kile dhaifu kitafungwa. Chenye nguvu, kwa kuwa hakilazimiki kulipa zaidi kuliko wenzake, kitabaki na fedha za kujipanua na kuajiri. Naye aliyepoteza kazi, serikali imfundishe ujuzi mpya na kumsaidia kuhamia palipo na ajira.

Hapo usawa ndio uliosukuma tija. Kwangu hiyo ni falsafa ya uchumi kamili, kwa sababu inaeleza jinsi utajiri unavyozalishwa, haiishii kwenye kuugawa.

Kwingineko vyama vya kati-kushoto viliegemea zaidi mawazo ya mchumi Mwingereza, John Maynard Keynes: watu wakipunguza kununua, serikali iongeze matumizi. Miaka ya 1970 bei na ukosefu wa ajira vikapanda kwa pamoja, na mwaka 1976 waziri mkuu wa Uingereza, James Callaghan, akawaambia wajumbe wa chama chake cha Labour kwamba njia hiyo haipo tena. Ufaransa ilijaribu njia hiyo chini ya Rais François Mitterrand, ikataifisha mabenki na viwanda vikubwa. Kufikia Machi 1983 faranga ilikuwa imeshushwa thamani mara tatu, akageukia kubana matumizi.

Ndipo wakaja Tony Blair, waziri mkuu wa Uingereza, na Gerhard Schröder, kansela wa Ujerumani. Wao walisema: soko lizalishe, serikali itoze kodi na kugharimia shule na hospitali. Umaskini wa watoto Uingereza ulipungua kweli, na hilo si dogo. Lakini swali la uzalishaji waliwaachia wengine, na mabenki yalipoporomoka mwaka 2008 hawakuwa na maelezo yao wenyewe.

Naamini pa kuanzia ni kwenye mshahara wenyewe, kabla kodi haijaingia. Ujerumani, kwa mfano, ina sheria ya mwaka 1976 inayowapa wafanyakazi nusu ya viti vya bodi ya usimamizi katika kampuni zenye waajiriwa zaidi ya 2,000. Ugumu ni kwamba mpango wa Uswidi ulitegemea vyama vya wafanyakazi vyenye uwezo wa kujadili mishahara kwa niaba ya nchi nzima, na hata huko utaratibu huo ulianza kuvunjika mwaka 1983. Anayetaka kuufufua aseme kwanza nani atakaa mezani kwa niaba ya dereva anayepangiwa kazi na programu ya simu, asiye na bosi wala chama cha wafanyakazi.