Bendi Kubwa ya Roki Inapimwaje?

Mashabiki wa roki wakianza kubishana kuhusu bendi ipi inastahili kuitwa kubwa, mara nyingi mambo manne huwa yameshachanganywa hata kabla ubishi haujakolea: mauzo, ustadi wa vidole, athari kwa waliofuata, na mapenzi ya tangu ujana. Mmoja anataja idadi ya nakala zilizouzwa. Mwenzake anamjibu kwa kasi ya mpiga solo. Wa tatu anasema bila fulani, fulani asingekuwepo. Wote watatu huenda wanasema kweli, ila hakuna anayemjibu mwenzake.

Msimamo wangu ni kwamba swali linahusu bendi, kwa hiyo kipimo cha kwanza kiwe cha bendi. Je, watu hawa wakipiga pamoja, kinatokea kitu ambacho hakuna hata mmoja wao angeweza kukileta peke yake? Mauzo na athari vina nafasi yake, lakini vinakuja baada ya hapo. Uzuri wa kipimo hiki ni kwamba masikio yanaweza kukikagua.

Anzia chini

Wengi husikiliza roki kutoka juu: sauti ya mwimbaji kwanza, kisha solo. Fanya kinyume. Chagua wimbo mmoja, vaa hedifoni, uupige mara nne. Mara ya kwanza fuata drams peke yake, ya pili besi, ya tatu gitaa la rithimu (lile linaloshika mdundo badala ya solo), na ya nne ndipo usikilize vyote kwa pamoja. Sauti iwe ya wastani. Ukifungulia sana, kila chombo kitaonekana kina nguvu na hutajua nani anamwongoza nani.

Anza na Charlie Watts, mpiga drams wa Rolling Stones. Wapiga drams wengi wa roki, katika kila mapigo manne, hugonga haihati (visahani viwili vinavyofungwa kwa mguu) mara nane mfululizo bila kuacha. Watts anapofika pigo la pili na la nne, pale snea (ngoma ndogo yenye mlio mkali) inapolia, huinua mkono na kuiacha haihati kimya. Pengo hilo ni dogo mno, lakini snea inabaki imesimama peke yake na wimbo unapata mwendo wa kuyumba kidogo. Juu ya mwendo huo mpiga gitaa Keith Richards, katika nyimbo nyingi za kuanzia mwisho wa miaka ya 1960, anatumia gitaa aliloondoa uzi mnene wa sita, na nyuzi tano zilizobaki amezityuni G-D-G-B-D. Akizipiga bila kubana popote anapata noti zinazokubaliana tayari, kisha kwa kidole kimoja au viwili anazigeuza. Kwa kuwa uzi mnene haupo, eneo la chini linaachiwa besi. Halafu drams humfuata Richards, wakati katika bendi nyingi gitaa ndilo hufuata drams. Hii ndiyo sababu bendi za kukopi zinaweza kupiga kila noti ya Stones kwa usahihi na bado zisifanane nao: mpiga drams wao anagonga haihati zote nane, na mpiga gitaa wao ametyuni kama kawaida.

Hicho ndicho kitu cha bendi. Ukimsifu Richards peke yake umesifu nusu.

AC/DC ni mfano mwingine, na nadhani ni bendi inayodharauliwa na wajuzi kwa sababu inasikika rahisi. Watu humtazama mpiga solo Angus Young akikimbia jukwaani. Msikilize kaka yake Malcolm, mpiga gitaa la rithimu. Gitaa lake la Gretsch lilibakizwa pikapu (kinasa sauti cha nyuzi) moja tu, ile ya karibu na daraja linaloshika nyuzi, na alitumia nyuzi nene kwenye amplifaya isiyokwaruza sana. Matokeo yake kila noti ndani ya rifu (kipande kifupi cha gitaa kinachorudiwa) inasikika imekamilika, na ukimya kati ya pigo na pigo ni safi. Mwimbaji wao Bon Scott alifariki Februari 1980. Julai mwaka huohuo albamu ya Back in Black ikatoka ikiwa na mwimbaji mpya, Brian Johnson, na bendi ikasikika ni ileile. Uti wa mgongo ulikuwa mkono wa kulia wa Malcolm pamoja na drams za Phil Rudd.

Hapo tunapata jaribio ambalo naliamini kuliko mengine: mwondoe mtu mmoja, uone kinachovunjika. Led Zeppelin walimpoteza mpiga drams wao John Bonham Septemba 1980, na kufikia Desemba walitangaza kwamba hawaendelei. Sikiliza When the Levee Breaks ya 1971 utaelewa sababu. Drams ziliwekwa kwenye ukumbi wa chini wa nyumba ya Headley Grange, Hampshire, na mhandisi Andy Johns akaning'iniza maikrofoni mbili tu juu kwenye ngazi. Hakukuwa na maiki mbele ya ngoma ya mguu. Sauti unayoisikia ni Bonham pamoja na hewa ya jengo zima, ikapitishwa kwenye mashine ya mwangwi ya Binson na kubanwa na kompresa, kifaa kinachopunguza tofauti kati ya sauti kubwa na ndogo. Wengi wanaoiga sauti hiyo hukosea hapo: wanasogeza maiki karibu na ngoma, kisha wanaongeza mwangwi wa kompyuta. Maiki za mbali zinahitaji mpigaji ambaye ngoma na visahani vyake vinalingana tangu mikononi, kwa sababu baadaye huwezi kupunguza kimoja ukaacha kingine. Bonham alilingana hivyo.

Nani hasa alipiga?

Kabla ya kuisifia bendi kwa upigaji, hakikisha ni wao waliopiga. Singo (wimbo unaouzwa peke yake) ya Mr. Tambourine Man ya The Byrds, 1965, ina gitaa la Roger McGuinn, lakini drams na besi ni za wanamuziki wa kukodiwa wa Los Angeles. Pet Sounds ya Beach Boys, 1966, kwa sehemu kubwa vyombo vyake vilipigwa na kundi hilohilo la studio. Je, hiyo inawaondoa Beach Boys? Kwangu hapana, ila inahamisha hoja. Ukubwa wao uko kwenye sauti zao na katika utunzi na upangaji wa Brian Wilson, kwa hiyo wapimwe kwa kuimba. Anayetaka kuwalinganisha na The Who kwa drams amechagua uwanja usio wao.

Madeni

Hakuna orodha ya bendi kubwa inayosimama bila kutaja ilichokopa. Sister Rosetta Tharpe alikuwa akipiga gitaa la umeme na kuimba kwa moto wa kanisani miaka ya 1940, kabla roki haijapewa jina. Jumba la heshima la Rock and Roll la Marekani lilimwingiza 2018 tu. When the Levee Breaks yenyewe ilirekodiwa kwanza 1929 na Kansas Joe McCoy na Memphis Minnie, na jina la Memphis Minnie limo kwenye orodha ya watunzi wa toleo la Zeppelin. Whole Lotta Love ya Zeppelin ilikuwa tofauti: ilitoka 1969 bila kumtaja mtunzi wa bluzi Willie Dixon, naye akafungua kesi 1985, wakapatana nje ya mahakama. Kwa upande mwingine, madai kwamba mwanzo wa wimbo wao Stairway to Heaven uliibwa kutoka kwa bendi ya Spirit yalishindwa mbele ya baraza la mahakama 2016, na uamuzi huo ukathibitishwa na mahakama ya rufaa 2020. Kwa hiyo kila dai litazamwe kivyake. Kwa maoni yangu deni lisilotajwa linapunguza sifa ya utunzi wa Zeppelin, na ni punguzo kubwa. Upigaji haliugusi.

Athari nayo ipimwe kwa ukali uleule. Ukisema bendi fulani iliathiri wengine, taja kitu chenyewe. Tony Iommi, mpiga gitaa wa Black Sabbath, alikatwa ncha za vidole viwili kiwandani Birmingham akiwa na miaka 17. Akajitengenezea vifuniko kwa plastiki iliyoyeyushwa na ngozi, akatumia nyuzi nyembamba, na kufikia albamu ya Master of Reality, 1971, tuni ya gitaa ilishushwa nusu-toni tatu katika nyimbo kadhaa. Geezer Butler naye akashusha besi. Nyuzi zilizolegea zina sauti nzito na nene, na bendi nyingi za metali zilizokuja baadaye zinashusha tuni hivyohivyo. Hiyo ni athari unayoweza kuionyesha kwa kidole. Ramones vilevile: albamu yao ya kwanza, 1976, nyimbo 14 ndani ya dakika 29, iligharimu takriban dola 6,400, na gitaa la Johnny Ramone linapigwa kwa kushuka tu, bila mkono kurudi juu. Jaribu kufanya hivyo dakika mbili kwa kasi yake. Mkono utakuambia mengine.

Takwimu zinavyodanganya

Nitapita haraka hapa, maana takwimu hupewa uzito usiostahili. Nchini Marekani cheti cha dhahabu ni nakala 500,000, platinamu 1,000,000, almasi 10,000,000. Lakini kijadi vyeti hivyo, vinavyotolewa na RIAA, chama cha kampuni za rekodi za Marekani, vilihesabu nakala zilizosafirishwa kwenda madukani, na kampuni ya rekodi ndiyo huomba cheti. Albamu ya sahani mbili inaweza kuhesabiwa mara mbili. Tangu 2016, mara 1,500 za kusikiliza mtandaoni ni sawa na albamu moja. Chati ya albamu ya jarida la Billboard nayo ilitegemea ripoti za maduka hadi Mei 1991, ndipo mauzo yakaanza kuhesabiwa kwa misimbo pau inayosomwa kaunta. Ukilinganisha namba ya 1975 na ya leo, unalinganisha vitu viwili tofauti.

Mfano unaotosha: Creedence Clearwater Revival walitoa albamu tatu katika mwaka mmoja wa 1969, zote nzuri, na singo zao tano zilifika nafasi ya pili Marekani. Hakuna iliyofika ya kwanza. Mwenye kutumia namba moja kama kipimo atawaacha nje, na hilo ni kosa la kipimo.

Usambazaji nao huamua nani hata anajulikana. WITCH wa Zambia, wakiongozwa na Emmanuel Jagari Chanda, walitoa Lazy Bones!! mwaka 1975, roki ya gitaa lenye fazi (mkwaruzo wa makusudi) na mdundo usioigwa popote. Nje ya eneo lao wengi hawakuisikia hadi ilipochapishwa upya miongo kadhaa baadaye. Ukiipa nafasi kwenye jaribio la kusikiliza mara nne, inapita.

Kabla hujatoa hukumu

Linganisha rekodi kwa haki. Matoleo mengi yaliyosafishwa upya tangu miaka ya 1990 yamebanwa ili yalie kwa sauti kubwa, na sikio hudhani chenye sauti kubwa ni bora. Death Magnetic ya Metallica, 2008, ilibanwa hadi inakwaruza, na mashabiki waligundua kwamba toleo lililowekwa kwenye mchezo wa video wa Guitar Hero lilisikika safi zaidi. Kwenye programu ya kusikilizia muziki, washa kitufe cha kusawazisha sauti, kisha chagua toleo la zamani likiwepo. Kwa albamu za mwanzo za Beatles tafuta mono, yaani toleo lenye sauti yote kwenye njia moja: zilirekodiwa kwenye kanda ya njia mbili, ndiyo maana stirio yake inatupa waimbaji upande mmoja na vyombo upande mwingine, na bendi inasikika imekatwa katikati.

Pia epuka mkusanyiko wa nyimbo bora. Chukua albamu tatu mfululizo. Beatles, kati ya Desemba 1965 na Juni 1967, walitoa Rubber Soul, Revolver na Sgt. Pepper, ni miezi 18, na kila moja inafanya jambo ambalo iliyotangulia haikulijua. Stones wana nne kuanzia 1968 hadi 1972. Bendi nyingi zenye jina zina albamu moja kubwa na mbili za kujaza.

Na zile za maisha mafupi? Nirvana wana albamu tatu za studio, Sex Pistols moja. Nirvana nawapitisha, kwa sababu tatu hizo zinatofautiana, na mpiga drams Dave Grohl alibadilisha bendi pale alipoingia. Linganisha albamu ya Bleach, kabla yake, na Nevermind uone. Sex Pistols nawahesabu kuwa tukio kubwa katika historia, jambo ambalo si sawa na kuwa bendi kubwa, na najua wapo watakaonipinga hapo kwa nguvu.

Anayetaka kuanza leo achukue Live at Leeds ya The Who, iliyorekodiwa 14 Februari 1970. Toleo la kwanza lina nyimbo sita tu. Mfuate John Entwistle kwanza: besi inapiga kazi ya solo, Keith Moon anajaza drams kila mahali badala ya kushika mdundo, na gitaa la Pete Townshend ndilo linalobaki kutunza muda. Kisha weka albamu yoyote waliyotoa baada ya Moon kufariki 1978, na urudie zile mara nne.