Faiba si plastiki ngumu

Matangazo ya spea yamejaa "bampa la faiba", na mara nyingi kinachouzwa ni plastiki tupu. Kosa hili lingekuwa dogo kama lingeishia kwenye tangazo, lakini linafika hadi gereji.

Maana yenyewe ni fupi. Faiba halisi ni kompoziti, yaani nyenzo iliyoundwa kwa vitu viwili ambavyo haviyeyukiani: nyuzi zinazobeba mzigo, na resini (kimiminika kama gundi kinachoganda kikawa kigumu) au plastiki inayozishika nyuzi hizo zikae mahali pake. Zifikirie kama nondo ndani ya zege. Nyuzi zaweza kuwa za kioo, za kaboni, hata za mkonge, ambazo viwanda vya magari Ulaya vimezitumia kwenye paneli za ndani za milango. Faida kubwa ni wepesi. Sentimita moja ya ujazo ya chuma ina uzito wa karibu gramu 7.8, nyuzi za kioo 2.5, za kaboni 1.8.

Sasa vua bampa la gari la kawaida uligeuze. Upande wa ndani mara nyingi utakuta maandishi kama >PP+EPDM-T20<. PP ni polipropilini, EPDM ni aina ya mpira, na T20 ni unga wa talki, asilimia 20. Hapo hakuna uzi hata mmoja. Kisha funua boneti utazame tenki jeusi la rejeta, lile ambalo kila mtu huliita plastiki. Magari mengi yameandikwa hapo >PA66-GF30<, yaani nailoni yenye nyuzi fupi za kioo, asilimia 30 ya uzito wake. Tunachokiita faiba hakina nyuzi, na chenye nyuzi tunakiita plastiki.

Fundi akiamini bampa la PP ni faiba, atalipaka resini ya poliesta na kulibandika kitambaa cha nyuzi za kioo. Resini hiyo haishiki vizuri kwenye polipropilini, kwa hiyo baada ya muda kiraka hubanduka chote, rangi na vyote. PP huchomelewa kwa joto na kijiti cha plastiki ya aina yake. Na ukipeleka joto hilo kwenye paneli halisi ya nyuzi za kioo na poliesta, utaiunguza tu, kwa sababu resini ikishaganda haiyeyuki tena. Mteja hulipa mara mbili, kisha lawama anatupiwa fundi.

Dharau kwa kompoziti nayo ni ya zamani. Trabant ya Ujerumani Mashariki ilichekwa kuwa gari la karatasi, ilhali paneli zake za Duroplast zilikuwa nyuzi za mabaki ya pamba zilizoshindiliwa kwa joto pamoja na resini ya fenoli. Ni kompoziti kamili, sawa na bodi ya Corvette, gari la michezo la Marekani, ya 1953 iliyojengwa kwa nyuzi za kioo. BMW i3, iliyoanza kutengenezwa 2013, ilifika mbali zaidi: vitambaa vya nyuzi za kaboni viliwekwa ndani ya kalibu, resini ikasukumwa humo kwa shinikizo, na sehemu ikaganda kwa dakika chache. Kasi hiyo ndiyo iliyowezesha kibanda kizima cha abiria kutengenezwa kwa kaboni kiwandani Leipzig, maana kutandaza kitambaa kwa mkono na kusubiri kikauke hakuwezi kulisha mstari wa kuunganishia magari.

Stika nyeusi yenye mchoro wa kusukwa, ile inayobandikwa kuiga kaboni, haimo kabisa katika habari hii. Nguvu ya kaboni hufuata mwelekeo wa nyuzi zake. Ukiivuta kukingama na nyuzi, resini ndiyo inayobaki kubeba mzigo. Mchoro hauna mwelekeo wowote wa kubeba.

Kwa hiyo dukani, badala ya kuuliza "hii ni faiba?", uliza nyuzi zake ni za nini na zimeshikwa na nini. Muuzaji asipojua, omba ugeuze bampa usome mwenyewe.